Ugonjwa wa Sukari na Sufuria ya Nyumba

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, polepole, na yeyote anaruhusiwa kumsimamisha msomaji akauliza. Likiwa refu kwenu, ligaweni mara mbili. Kama mnaweza, mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu aje siku hiyo na mkoba wake. Tangu mwaka wa 2023 serikali imekuwa ikiwapa wahudumu hao vifaa vya kazi, na kati ya vifaa hivyo iko mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu kutoka kidoleni.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi fulani cha akina mama huku Ukambani. Kilianza kama mwethya wa kuchimba matuta, kisha wakaanza kuchangiana pesa kwa zamu, na mwishowe wakataka mradi wa biashara. Mimi ndiye niliyewafundisha hesabu ya mandazi: unga, mafuta, sukari, kuni, na faida itakayobaki. Mradi ulienda vizuri. Kila mkutano tulifungua kwa sala, tukasoma kumbukumbu, halafu ikaja chai na sahani ya mandazi yaliyobaki sokoni. Na chai yenyewe, si mnajua tunavyoipika: maji, maziwa, majani na sukari, vyote vinachemka pamoja katika sufuria moja. Hakuna wa kusema "mimi nitieni kidogo." Ikishaiva imeiva.

Mhazini wetu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwaminifu, mwenye hesabu safi. Akaanza kukosa mikutano. Tukadhani ni mambo ya nyumbani. Kumbe alikanyaga mwiba shambani na hakuusikia. Mwiba ulikaa ndani ya mguu siku nyingi bila yeye kujua, kidonda kikaoza, na alipofikishwa hospitalini ilibidi akatwe vidole viwili vya mguu. Hapo ndipo sisi sote tulipojua kwamba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwamba yeye mwenyewe aliujua kwa miaka miwili.

Nilipomtembelea kumpa pole nilimwuliza, "Mama, kwa nini hukutuambia?" Akanijibu bila hasira: "Mwalimu, ukikataa chai ya wenzako watasema umejivuna, ama unaogopa kurogwa. Nilikuwa nakunywa nusu. Na wewe ulikuwa unaniongezea."

Ni kweli. Nilikuwa namwongezea.

Ndiyo sababu sitaki kuandika somo hili kama orodha ya mambo ambayo mgonjwa amekatazwa. Orodha hiyo anayo tayari, alipewa kliniki. Kile asichokuwa nacho ni nyumba na kikundi kinachokula pamoja naye.

Ugonjwa wenyewe

Chakula cha wanga, kama ugali, wali, viazi, mkate na uji, kikifika tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo si adui. Ndiyo nguvu ya kulima na ya kufikiri. Lakini haiwezi kuingia katika misuli peke yake. Inahitaji kitu kinachoitwa insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ni kama bawabu wa kufungua mlango. Bawabu akikosekana, au mlango ukiwa mgumu, sukari hubaki nje ikizunguka katika damu, na mtu anakuwa na njaa katikati ya shibe.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na hapo kongosho halitoi insulini, au hutoa kidogo sana. Mtoto huyu lazima adungwe sindano za insulini kila siku. Kabla ya insulini kutumiwa kwa binadamu mara ya kwanza, huko Toronto mwezi wa Januari mwaka wa 1922, watoto kama hao walikuwa wanakufa tu. Kwa hiyo mtu asiwaambie wazazi kwamba mboga na mazoezi yatatosha badala ya sindano. Hayatatosha.

Aina ya pili ndiyo ya watu wengi zaidi. Bawabu yupo, lakini milango imekuwa migumu, na kongosho linachoka kidogo kidogo kwa miaka. Huja polepole: kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi usiku, uchovu, macho kuona ukungu, vidonda vinavyokataa kupona, mtu kukonda na huku anakula. Wazee wetu walijua kuangalia kama sisafu wanakusanyika pale mtu alipokojoa. Lakini wengi hawana dalili yoyote kwa muda mrefu, na hilo ndilo linalotushinda. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Kenya mwaka wa 2015, karibu watu 9 kati ya kila 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari.

Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikionyesha 7.0 au zaidi, hiyo ni sukari iliyopita kiasi, na ni lazima kithibitishwe hospitalini. Kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1 au zaidi, na dalili zipo, ni hivyo hivyo. Mashine ya kidoleni inakutuma kliniki tu. Si mashine inayosema wewe ni mgonjwa.

Chakula cha mgonjwa ni kipi?

Mhazini alipotoka hospitalini, mkaza mwana wake alianza kumpikia peke yake katika sufuria ndogo. Mboga zilizochemshwa bila kitunguu, bila chumvi, bila chochote. Wengine wakikaa na sufuria kubwa, yeye anakaa na kisufuria chake kama mtu aliyefungiwa. Aliweza wiki tatu, halafu akaacha. Nani angeweza zaidi?

Tulipokaa na nyumba ile tukazungumza, tuligundua jambo ambalo lingetupunguzia shida yote: mwenye sukari hana chakula chake. Chakula kinachomfaa yeye ndicho kinachomfaa mume wake, wajukuu wake na mkaza mwana mwenyewe. Na hawa wa damu yake wana haja nacho zaidi, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Wale waliofundishwa kula vizuri, kupunguza uzito kidogo na kutembea kama dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge walipunguza kwa asilimia 31. Kwa hiyo sufuria kubwa ndiyo ibadilike, na kile kisufuria kirudishwe kabatini.

Kupima hatuhitaji mizani. Kuna njia ya kutumia mkono, ambayo inajulikana sana Zimbabwe, na kila mtu anakuja na mkono wake mezani. Kunja ngumi: hicho ni kiasi cha ugali, wali, viazi au ndizi kwa mlo mmoja. Anayechimba tangu asubuhi anaweza kufika ngumi mbili, lakini azihesabu. Fungua kiganja: upana wake, bila vidole, ndio nyama, samaki au yai. Weka mikono miwili pamoja kama unayepokea: hizo ndizo mboga, sukuma wiki, majani ya kunde, mchicha, kabichi, na hapo usiogope kujaza. Ncha ya kidole gumba ni mafuta ya kupikia. Ukiangalia sahani iliyopakuliwa hivi, nusu yake ni mboga. Sasa angalieni sahani zetu za kawaida. Ugali ni kilima, na mboga ni majani yaliyoota chini ya kilima.

Kuhusu chakula cha hapa kwetu nina maoni yangu. Isyo ni bora kwa mwenye sukari kuliko muthokoi. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, na ganda hilo ndilo lililokuwa linazuia sukari isiingie kwenye damu kwa kasi. Isyo lina ganda lake, na likiwa na maharagwe au mbaazi nyingi kuliko mahindi, ni chakula ambacho daktari yeyote atakisifu. Lakini sharti mahindi yawe yamekauka sawasawa na kuhifadhiwa vizuri. Hatujasahau mwaka wa 2004, wakati zaidi ya watu 100 walikufa kwa sumukuvu, wengi wao Makueni na Kitui. Kutoa ganda hupunguza sumu hiyo. Kwa hiyo mahindi yenye wasiwasi yasiliwe kabisa, si isyo wala muthokoi.

Ndengu, kunde na mbaazi: kuleni. Zinashibisha, sukari yake huingia polepole, na tunazilima wenyewe. Nashangaa tunavyouza gunia la ndengu ili tununue mkate.

Unga wa mtama, mawele na wimbi ni mzuri kuliko sembe nyeupe ya dukani, na hata mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa ni afadhali. Lakini nisikike vizuri hapa, kwa maana wengi wamedanganyika. Ugali wa mtama si dawa. Nao ni wanga, nao hupimwa kwa ngumi. Na uji wa wimbi uliotiwa vijiko vitano vya sukari ni maji ya sukari yenye rangi.

Sasa maembe. Kuanzia Desemba kijiji chote kinanukia maembe, na mtu anasema, "Hii ni sukari ya Mungu, si ya kiwandani." Damu haijui sukari imetoka wapi. Nusu ya embe kubwa, baada ya chakula, mara moja kwa siku, haina neno. Ndoo chini ya mwembe ina neno. Juisi ni mbaya kuliko tunda, kwa sababu unakunywa maembe matatu bila kutafuna hata moja. Asali ni hivyo hivyo. Najua Kitui tunajivunia asali yetu, nami naipenda, lakini asali ni sukari, na anayewauzia wagonjwa asali kama dawa ya kisukari anawaibia mara mbili.

Halafu chai. Fanyeni hesabu hii pamoja ubaoni. Mtu anayekunywa vikombe 4 kwa siku, vijiko 3 kila kikombe, ni vijiko 12. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo ni gramu 48 kwa siku, na kwa mwezi karibu kilo moja na nusu, yeye peke yake, bila kuhesabu soda. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku, na heri abaki na 25, na hapo wanamsemea hata yule asiye mgonjwa. Hakuna anayesema chai iachwe. Sukari itolewe kwenye sufuria, iwekwe pembeni katika bakuli, kila mtu ajitie mwenyewe huku wengine wanamwona. Mtashangaa jinsi kilo moja itakavyodumu.

"Sisi hatuhitaji mazoezi, tunalima"

Hivyo ndivyo ninavyojibiwa kila mahali, na wananicheka kidogo. Basi hebu tuulizane. Sokoni ulienda kwa miguu ama kwa bodaboda? Kisima ambacho sasa kiko karibu (na tunashukuru) kilikupunguzia kilomita ngapi za kutembea? Baada ya kupalilia kwisha na kabla ya kuvuna, siku zako zikoje? Wengi wetu tunafanya kazi ngumu sana siku mbili na kukaa siku tano. Wanaume mnaokaa sokoni tangu asubuhi mkicheza bao, hata hizo siku mbili mnazikosa.

Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata kama insulini ni kidogo. Faida hiyo haiishi ukikaa chini. Huendelea kwa siku moja au kama mbili, kisha huisha. Ndiyo maana watu wa afya wanasema usipitishe siku mbili mfululizo bila kujishughulisha. Dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu lakini bado unaweza kuzungumza. Na kutembea dakika kumi baada ya chakula cha jioni kunasaidia kuliko kulala papo hapo. Anayeogopa kuonekana akitembea bila safari, ambebe mjukuu, au aende kumjulia hali jirani. Kikundi cha mhazini wetu sasa kinakwenda mkutanoni kwa miguu, wote pamoja, na huyo aliyekatwa vidole anatembea kati yao na viatu vilivyofunikwa mbele. Hatembei peku hata uani. Kila jioni mjukuu wake humwangalia nyayo kama kuna jeraha, kwa sababu yeye mwenyewe hasikii maumivu. Kabla ya kuvaa viatu anavikung'uta.

Sukari ikishuka

Hapa nawaomba msikilize hata kama mmechoka, kwa maana hapa ndipo kikundi kinaweza kuokoa mtu au kumpoteza.

Katika kikundi kingine, mzee mmoja alimeza tembe zake za sukari asubuhi, hakula kitu, akaja kuchimba matuta na wenzake. Kama saa nne akaanza kuyumba, jasho linamtoka, anasema maneno yasiyoeleweka. Watu wakasema amelewa. Wengine wakacheka. Binti mmoja wa sekondari ndiye aliyeuliza kama mzee ni mgonjwa wa sukari, akakimbia kuleta maji yaliyokorogwa sukari. Katika robo saa mzee alikuwa anaongea vizuri.

Mtu anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya sukari, akifanya kazi nzito bila kula, sukari yake inaweza kushuka chini ya 4. Anatetemeka, anatoa jasho la baridi, njaa inamshika ghafla, anakasirika bure au anachanganyikiwa. Mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda. Subirini dakika 15. Kama bado, rudieni. Akipata nafuu ale chakula. Lakini akiwa amezimia msimtilie kitu mdomoni, atakabwa. Mlazeni kwa ubavu na mkimbize hospitalini. Kwa hiyo siku ya mwethya, pamoja na majembe, mfuko mdogo wa sukari uende shambani. Naona ni ajabu kidogo kuandika hivyo baada ya yote niliyosema juu ya sukari, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa anayetumia dawa asifunge kula bila kuzungumza na kliniki yake. Sheria ya Kanisa ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa amesamehewa. Mwulizeni padre, atawaambia vivyo hivyo. Anayeambiwa atupe dawa kwa kuwa ameombewa, aombewe na aendelee na dawa. Na anayeona sukari imeshuka vizuri kwa chakula na matembezi asipunguze tembe kwa akili yake mwenyewe. Apeleke vipimo vyake kliniki, nao watapunguza kama inafaa.

Maswali ya kikundi

Gawanyikeni watu watatu watatu, mzungumze kabla ya kurudi pamoja.

Katika kikundi chetu, mtu akikataa chai tunamwelewaje? Tuseme ukweli.

Ni nani anayepakua chakula nyumbani, na ni nani anayeamua kinunuliwe nini? Kama mgonjwa ni baba na mpishi ni mama, au mgonjwa ni mama mkwe, mazungumzo hayo yaanzeje bila kuvunjiana heshima?

Tukipimwa leo, majibu yatabaki siri ya nani? Hili mliamue kabla mhudumu hajafungua mkoba.

Kwa mkutano ujao kila mmoja aje na kikombe chake cha nyumbani na kijiko anachotumia. Pimeni maji yanayojaa kila kikombe. Mtaona kwamba wengine wanaita kikombe kile ambacho kwa wenzao ni jagi.

Mhazini wetu bado anashika hesabu. Chai ya kikundi sasa inapikwa bila sukari, na badala ya mandazi mkutanoni tunakula njugu au ndengu za kuchemsha. Lakini mandazi yenyewe bado tunayauza sokoni, kwa sababu ndiyo yanayolipa karo ya watoto wa wanachama kadhaa, na mimi niliyewafundisha sijapata mradi mwingine wenye faida kama hiyo. Tulijadili jambo hili mikutano miwili na hatukupatana. Kama kikundi chenu kimepitia njia hii, tuandikieni mlifanya nini.